Mrusi wa Kiti cha Mwisho

Nilifukuzwa kazi yangu ya kwanza Dubai kwa kumwamini mtu aliyevaa suti. Nilikuwa mlinzi wa hoteli, na mgeni mmoja mwenye adabu nyingi aliniambia amesahau kadi ya mlango chumbani. Nikamfungulia. Chumba hakikuwa chake. Kampuni nyingine ya ulinzi iliponichukua na kunipeleka kwenye kiwanja cha barafu ndani ya jumba la maduka, nilikuwa nimeshaapa kwamba sitamwamini tena mtu kwa sura yake wala kwa maneno yake.

Kiwanja kile kiliwashangaza wenzangu tuliokaa nao mtaa wa Al Nahda. Nje jua linakausha mate mdomoni, ndani watu wamevaa glavu. Mimi sikushangaa sana. Nimezaliwa Kinangop, kwenye nyanda za juu za Kenya, na kwetu kuna asubuhi umande huganda juu ya majani ya viazi mpaka ukikanyaga unasikia mvunjiko. Nilipangiwa lango la kuingilia, zamu ya asubuhi.

Mrusi alianza kuja mwaka wangu wa pili pale. Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama kabati, pua imepinda, na akifungua mdomo unaona meno manne ya mbele hayapo. Begani alikuwa na begi refu. Alikata tiketi ya mtazamaji, akapanda hadi kiti cha mwisho kushoto, pale viti vinapokutana na ukuta, akakaa bega limegusa ukuta. Saa mbili nzima alitazama watu wakiteleza na kuanguka. Begi hakulifungua. Kesho yake akarudi, akakaa palepale.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kizanzibari aliyezaliwa hukuhuku, wa familia ya zamani ya mtaa wa Rashidiya. Alinivuta kando.

“Mwanangu, yule bwana simfahamu kabisa. Mtu anakujaje na mzigo kila siku na haufungui? Mtazame.”

“Nimeshaanza kumtazama, mama.”

Siku ya tatu nikamwomba afungue begi. Alifungua bila ubishi. Ndani mlikuwa na viatu vya barafu vilivyochakaa, gongo la kuchezea lililokatwa vipande viwili ili lienee, na fulana moja yenye namba mgongoni.

“Mimi ni mchezaji, madam,” aliniambia kwa Kiingereza cha kuokotaokota. “Hoki. Nimelipwa kwa kucheza miaka mingi. Ligi kubwa.”

Aliniita madam, neno ambalo sisi ndio tuliozoea kuwaita wengine, na hilo likanitia shaka zaidi. Nikamuuliza, kama ni mchezaji mbona hachezi?

“Nangoja meneja. Rafiki yangu wa timu aliniambia nije, hapa kuna kazi ya ukocha. Sasa rafiki hapokei simu.”

Akanionyesha picha katika simu. Wanaume ishirini kwenye barafu, kofia ngumu vichwani, wameinua kikombe. Alimgusa mmoja kwa kidole. Chini ya kofia ile angeweza kuwa yeye, angeweza kuwa binamu yangu. Nilikariri jina lake, na nilipopumzika nikalitafuta kwenye mtandao. Lilikuwepo, pamoja na jina la timu na picha ya uso mtupu: kijana mwenye pua iliyonyooka na meno yote mdomoni.

Nilimpelekea msimamizi ile picha.

“Si yeye huyu,” nikasema. “Ameazima jina la mtu.”

Aliishika simu mbali na macho yake, akaitazama kwa muda. “Dunia ina watu,” akasema. “Lakini usimseme bado. Ngoja tuone mwisho wake.”

Meneja, ambaye sote tulimwita sir, hakungoja. Timu ya watu wazima waliocheza kwa kujifurahisha Ijumaa asubuhi ilikuwa haina kocha, naye alimwambia Mrusi avae viatu waone. Nilisimama kando ya uzio nikitarajia aanguke. Aliingia barafuni kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Alirudi kinyumenyume kwa kasi kubwa kuliko wengine walivyokwenda mbele, akageuka, akasimama ghafla mpaka unga wa barafu ukaruka hadi kwenye kioo. Watu wazima wale, wahasibu na wahandisi, walipiga makelele kama watoto. Kazi akapewa kwa majaribio.

Ningeweza kuacha hapo. Lakini mtu akishazoea kutafuta, hata akikipata alichokitafuta haachi kutafuta. Niliona kwamba aliwapanga wachezaji wote upande wake wa kulia. Akipewa kisahani, kile kidude cheusi kigumu wanachokipiga badala ya mpira, kikitokea kushoto kilimpita kana kwamba hakutaka kuchafua gongo aliloazimwa. Akimsikia mtu akimwita aligeuza kichwa chote, kama bundi. Mara mbili alinigonga bega langoni, na mara zote mbili nilikuwa nimesimama kushoto kwake. Chai aliimimina pembeni ya kikombe.

Basi nikamjaribu. Ijumaa moja alikuwa amekaa akifunga kamba za viatu, nikaenda taratibu upande wa kushoto, nikanyoosha mkono karibu na uso wake na kukunja vidole. Hakupepesa hata ukope. Nikarudi langoni bila huruma. Nilifurahi. Nilijua alikuwa anaficha kitu na sasa nimekipata.

Ijumaa hiyo hiyo mama mmoja wa timu alianguka kushoto kwake. Mrusi alikuwa akirudi nyuma kwa kasi akielekeza wengine, na chuma cha kiatu chake kilipita juu ya glavu ya yule mama, kikachana ncha ya kitambaa. Vidole vilipona kwa bahati. Yeye mwenyewe hakujua mpaka aliposikia ukelele. Nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi.

“Mama, haoni jicho la kushoto. Nimemjaribu kwa mkono wangu.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Aliinuka kitini. “Hili sasa hatuwezi kulikalia. Mtu atakatwa vidole.”

Sir alimwita Mrusi ofisini. Walikaa dakika chache tu. Alipotoka alikuwa ameshavua filimbi shingoni, akaja moja kwa moja kwangu. Nilishika redio yangu ya mkononi.

“Ni wewe?” akauliza.

“Ni mimi.”

Nilingoja tusi, au zaidi. Aliketi kwenye benchi la watu wanaobadilisha viatu, akaweka mikono mikubwa juu ya magoti.

“Daktari hakujua,” akasema. “Kocha hakujua. Miaka miwili. Wewe umejuaje?”

Nikamwambia habari za chai na za bega. Akatikisa kichwa. Kisha akanisimulia, na kwa mara ya kwanza sikumkatiza.

Alitoka mji wa viwanda vya chuma, mahali ambapo baba yake alimwaga maji uani wakati wa baridi, kesho yake kukawa na uwanja. Akiwa na umri wa miaka sita walimpeleka shule ya michezo. Akiwa na kumi na tano alihamia bweni la klabu, mji wa mbali, akalia wiki nzima uso ameufukia kwenye mto wa kulalia ili wenzake wasimsikie. Alikuwa beki. Beki, aliniambia, hakumbukwi na mtu isipokuwa siku anapokosea. Alicheza madaraja ya chini, wakisafiri kwa treni siku mbili kwenda kucheza mechi moja, kisha ligi kubwa ikamwita. Pua ilivunjwa mwaka wa kwanza. Meno yaliondoka yote manne kwa pigo moja, miaka miwili baadaye.

“Ile picha ya mtandaoni?” nikauliza.

“Siku ya kusaini. Nilikuwa mzuri, eh?”

Halafu kisahani kikamwingia jichoni. Walimshona, wakamwambia ataona vizuri baada ya muda. Hakuona. Klabu ilidai apimwe kabla ya kumrudisha uwanjani, naye alizikariri herufi za ubao wa kupimia macho, mstari hadi mstari, kabla hajaingia kwa daktari. Alinisomea pale pale, kwa Kirusi, macho amefumba. Hivyo alicheza misimu miwili kwa jicho moja, mpaka mpinzani alipomjia kutoka upande asiouona na kumvunja goti. Mkataba ukaisha akiwa hospitali.

“Ningesema ukweli hapa, mngenipa kazi?” akauliza.

Nilimwambia, “Pole.” Nilijua nilikuwa sijakosea kusema, na nilijua pia kwamba kwa wiki nyingi nilikuwa nimemtamani awe mwizi.

Siku mbili baadaye nilimwambia msimamizi kila nilichosikia. Fundi wetu wa kunoa viatu, Mfilipino, alikuwa amekwenda likizo kwao, na wateja walilalamika kwamba viatu vimekuwa butu. Msimamizi alivaa shela yake vizuri, akaenda kwa sir. Sijui alimwambia nini. Alirudi akasema, “Khalas, limekwisha. Mwite aje anoe.”

Kunoa hakuhitaji macho mawili. Alipitisha chuma kwenye mashine, kisha akakipima kwa ukucha wa dole gumba, akisikiliza. Wateja wakaanza kuuliza ni nani anayenoa siku hizi. Fundi aliporudi wakagawana zamu. Timu ya Ijumaa nayo ilimwomba akae benchini kuwaelekeza, bila kuingia barafuni.

Mimi hakunisalimia kwa miezi minne. Alipita langoni akitazama mbele, nami nilimtazama mpaka alipofika chumba cha mashine, kama ninavyomtazama kila mtu. Sitasema uongo: nilihesabu viatu jioni kwa muda mrefu baada ya hapo.

Kisha asubuhi moja ya Ramadhani, kiwanja kikiwa kitupu, aliniita kwa mkono. Alikuwa ameweka mezani jozi ya viatu vya saizi yangu, vimenolewa.

“Kaa, madam.”

“Niko kazini, sir.”

“Msimamizi amekubali. Muulize.”

Nikamwita mama kwenye redio. Akajibu kwa kicheko kwamba amekubali, ila nisivunjike, maana hana mwingine wa kuweka langoni. Nikavaa. Mrusi alinishika kiwiko, akanikumbusha nibaki kulia kwake, tukaingia. Nilianguka mara tano kabla ya kufika katikati, na kila nilipoanguka alingoja niinuke mwenyewe.

Mwaka uliofuata viza yake iliisha akarudi kwao. Msimamizi ndiye aliyepata habari zake: klabu moja ya mji wake ilimchukua kunoa viatu vya wachezaji, na mara hii alikuwa amewaambia habari za jicho siku ya kwanza.