Mlo wa Kapitolina Juu ya Mologa

Kapitolina Yegorovna alikuwa mpishi wa meli ya watalii hapa Rybinsk, na mimi nilikuwa muosha vyombo wake. Sote tulimwita Shangazi Kapa, hata nahodha, ambaye hawakupishana sana umri. Alikuwa mnene, mkali, mwenye mikono iliyobabuka kwa mafuta mpaka viwikoni, na akikukuta umesimama bure alikurushia usoni kitambaa cha kufutia sahani. Nilimpenda. Nasema mapema ili usije ukadhani hasira yangu katika habari hii ni juu yake.

Alizaliwa Mologa. Kwetu mtu akisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Walipoziba Volga ili wapate umeme, mji ule mzima uliachiwa maji, na wenyewe wakaambiwa wabomoe nyumba zao kwanza. Baba yake Kapa alitia namba kila gogo la nyumba yake, akayafunga yakawa chelezo, akampandisha binti yake juu yake, wakateremka na mto hadi huku. Kapa alikuwa mtoto wa kucheza bado. Mama yake, Yevdokia, alikuwa amekufa kwa kichomi majira ya baridi yaliyotangulia, akazikwa nyuma ya kanisa. Waliohamishwa walikuwa wazima. Wafu wengi waliachwa pale pale, na misalaba yao ikalazwa chini isije ikatoboa matumbo ya meli.

Baba naye akaenda vitani asirudi. Kapa akalelewa na ndugu wa mbali katika nyumba ile ile ya magogo yenye namba, watoto wa mtaani wakimwita chura. Akapika kantini ya kiwanda mpaka nywele zikaota mvi. Aliolewa na mwanamume aliyependa chupa kuliko yeye, akamzika, hakumlilia sana. Watoto hawakupata.

Lililomtesa ni kaburi. Baada ya Pasaka tuna siku ya wafu, na mji wote huhamia makaburini na mayai ya rangi, mikate na vodka. Tunatandika kitambaa juu ya kaburi, tunakula na watu wetu, tunawasimulia mambo ya nyumbani. Kapa hakuwa na pa kutandika. Siku hiyo alisimama peke yake ukingoni mwa mto, chini ya kanisa kuu, pale wageni wanapopigia picha mnara wa dhahabu, akatupa chakula majini. Shakwe wakakigombania.

“Shangazi, umeanza kufuga ndege?” jirani mmoja alimtania mwaka mmoja, akipita na kapu lake.

“Pita zako! Wewe unakwenda kumwona mama yako au unakwenda kulewa juu ya kichwa chake?”

Lakini jikoni, tukimenya viazi, aliniambia jambo jingine. “Tonya, mimi nataka mara moja tu. Nikae naye chini, nile naye. Nimechoka kumrushia kama kuku.”

Ndiyo sababu aliiomba kazi ya meli alipostaafu kantini. Meli yetu ilikuwa ikipeleka watalii kwenye lile ziwa kubwa lililoumeza mji, ikisimama juu ya Mologa. Msichana wa makumbusho alieleza kwa kipaza sauti yaliyokuwa chini, watu wakaguna kwa huzuni, kisha wakala. Chakula kilikuwa ndani ya tiketi. Kwa miaka kadhaa Kapa alipika supu juu ya mji wake akitazama maji.

Halafu kikaja kile kiangazi kisicho na mvua. Maji yakashuka, na Mologa ikatoa mgongo: kisiwa cha tope na matofali, mawe ya barabara, misingi ya majengo. Tiketi zikagombaniwa. Watu walitoka hata Moscow kuja kuona.

Kapa alimfuata nahodha, Rodion Savvich, akiwa amevua aproni. Sikuwahi kumwona akimwomba mtu kitu.

“Nishushe na mashua ya watalii.”

“Na supu nani atapika, Shangazi? Mimi?”

“Supu itakuwa imeiva kabla hujanyoa ndevu. Rodion, mama yangu yuko pale.”

Nahodha alijikuna shingo. “Ukichelewa, nakuacha na vyura wenzako,” akasema. Alikuwa akitania, lakini Kapa hakucheka.

Usiku ule hakulala, alipika. Chapati za maji, mayai ya rangi ingawa Pasaka ilikuwa imepita zamani, maandazi ya kabichi, na bakuli la ngano iliyochemshwa kwa asali na zabibu, chakula ambacho kwetu hakipikwi ila kwa ajili ya marehemu. Asubuhi tukateremka na watalii, mimi nikibeba kapu. Tope lilitushika magoti. Watalii walitawanyika kama watoto waliofunguliwa shule, wakiokota misumari na vipande vya vyungu, wakijaza mifuko.

Kapa alikwenda moja kwa moja. Mbele yetu palikuwa na msingi mpana wa matofali mekundu, umeinuka kuliko mingine. “Kanisa,” akasema. Akauzunguka kwa nyuma, akasimama penye mchanga mtupu, akapiga magoti. Misalaba haikuwapo, nami sikuitarajia. Akatandika kitambaa cheupe, akapanga kila kitu, akamimina kikombe cha vodka na kukifunika kwa kipande cha mkate mweusi.

“Habari za siku nyingi, mama,” akasema. “Nimezeeka, utanisamehe. Labda hunitambui.”

Niligeuka upande wa pili. Nililia na sioni aibu kusema.

Hatujamaliza hata yai moja nikasikia sauti ya mwanamke: “Jamani, njooni! Chakula chenyewe kimeandaliwa huku! Wazo zuri kweli!” Alikuwa bibie wa Moscow mwenye kofia pana, na nyuma yake wenzake saba au wanane. Akachukua chapati kwa vidole vyenye tope. Niliinuka nimpige, haki ya Mungu ningempiga, lakini Kapa alinishika mkono.

“Kaa chini. Penye mlo huu hafukuzwi mtu.”

Ni kweli, desturi yetu ndiyo hiyo. Anayepita penye chakula cha wafu hualikwa, na akila, amemkumbuka marehemu. Basi wakakaa. Kijana mmoja akaikuta ile vodka, akaigawa kwenye vikombe, akainua chake agonganishe na wenzake: “Afya njema!”

“Hapa hatugonganishi,” Kapa akasema taratibu. “Anaitwa Yevdokia. Kunyweni, mseme jina lake.”

Ndipo yule bibie alipoiona ile ngano ya marehemu, akaelewa. Rangi ikamtoka usoni. Wakanywa bila kugonganisha, wakasema “Yevdokia” mmoja mmoja. Na kwa aibu waliyokuwa nayo wakala kila kitu, maana kwetu kubakiza chakula hicho ni vibaya zaidi. Hawakuacha hata punje. Kapa aliwatazama na uso wake ulikuwa laini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Amepata wageni,” aliniambia tukirudi mashuani. “Alipenda wageni sana.”

Melini akavaa aproni, akawasha moto chini ya supu. Sufuria lilikuwa la kushibisha meli nzima, la samaki, na harufu yake ilifika sitahani. Alikuwa akiimba chini chini. Mlangoni akasimama mzee Veniamin Lukich, mwenzake wa Mologa, aliyekuja siku ile na fimbo yake na kutembea polepole kisiwani peke yake.

“Kapa, nimewaona kwa mbali. Kwa nini mlikwenda kulia pale mnarani?”

“Mnara gani?”

“Wa zimamoto. Ule msingi mkubwa. Nilikuwa nikiupanda na binamu yako, tukichapwa.”

“Lile ni kanisa, Veniamin.”

“Kanisa lilikuwa na vigae sakafuni, vyeupe na vyeusi. Umeona kigae hata kimoja pale?” Hapo akauona uso wa Kapa. Alikuwa mtu mwema, angejing’ata ulimi kama angeweza.

“Kanisa liko wapi?”

Mzee aliinamisha macho kwenye fimbo yake.

“Veniamin! Makaburi yako wapi?”

“Bondeni. Maji hayajakauka huko, bado ni kina kirefu.” Akaigusa sakafu kwa fimbo, taratibu. “Hapa, Kapa. Tumetia nanga juu yake.”

Kapa alilifungua kapu, akalipindua. Akakung’uta kitambaa cheupe juu ya meza, akapapasa kwa viganja vyake vilivyoungua. Hapakuwa na hata ganda la yai. Juu yetu injini iliguruma, mnyororo wa nanga ukaanza kuvutwa, na watalii wenye njaa ya pili walikuwa wakigonga vijiko mezani wakiita supu.

“Tonya, shika upande ule.”

“Shangazi, ni chakula cha watu.”

“Shika!”

Nikashika. Tukalitoa lile sufuria likichemka, tukapita katikati ya meza, watu wakitupisha na kutabasamu wakidhani tunawaletea. Tukafika ukingoni. Akaliegemeza, akaliinamisha, na supu yote ikamwagika majini, samaki, viazi na majani, mvuke ukapanda ukatufunika nyuso.

“Shangazi Kapa, umepatwa na wazimu?” Nahodha alikuwa akipiga kelele kutoka juu. “Mpishi! Nakufukuza kazi, unasikia?”

Hakugeuka. Meli ilikuwa imeshaanza kwenda, na yeye aliinama juu ya ukingo kadiri alivyoweza, mimi nikimshikilia aproni kwa nyuma asianguke.

“Kula, mama,” alikuwa akisema kwa haraka haraka, “kula upesi, bado ya moto.”