Swali Kabla ya Dole Gumba

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mhudumu wa wodi ya wanawake, ambaye wagonjwa humwita Mama Deki, anaegemeza ufagio wake kando ya kitanda cha tisa. Mgonjwa, fundi cherehani mwenye kidonda cha kisukari, ameshavaa kiatu kimoja. Beseni na chupa ya chai amevifunga ndani ya kitenge.

"Mwenzangu, umefungasha kama unahama nchi," Mama Deki anamwambia.

"Nimepona, mama. Nipeni hiyo fomu ya kuondoka kwa hiari nitie dole, niende zangu."

"Umepona mguu wenye kiatu. Na huo mwingine?"

Wodi nzima inacheka. Fundi hacheki. Jana daktari alimweleza kwamba akikatisha sindano zilizosalia, mguu huenda ukakatwa. Alielewa vizuri, hata hivyo anaondoka.

Mama Deki, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, hamuulizi kwa nini. Anainama na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Ufunguo wa nyumba yako anao nani?"

Machozi yanamtoka fundi. Ufunguo anao jirani, na ndani yumo mama mkwe wake asiyeona, mama wa marehemu mumewe. Jirani anasafiri leo saa nne.

"Wagonjwa wanaotaka kuondoka hivi huitwa wakaidi," anasema Mama Deki. "Wapo wakaidi, sikatai. Wapo wanaokimbia gharama, wapo wanaoogopa kisu. Lakini wengi mwili uko hapa, roho iko nyumbani. Wanaulizwa panapouma, kuhusu waliowaacha hawaulizwi."

Mwezi uliopita, wanawake tisa wa wodi hiyo walitaka kuondoka bila idhini ya daktari. Baada ya kuzungumza na Mama Deki, sita walibaki.

Mwenyewe alichelewa kulijua swali hilo. Miaka kumi iliyopita mumewe, mwashi, alilazwa kwa homa ya mapafu, na siku ya tatu akang'ang'ania kurudi nyumbani. Mama Deki, ambaye wakati huo hakujua kusoma, aliletewa fomu hiyo ya kuondoka akatia dole.

"Nilidhani ni karatasi ya kupona," anasema. "Nilimshukuru sista hadi nikapiga goti."

Mumewe alifariki siku kumi na moja baadaye. Kumbe kilichomkosesha raha ni toroli na makoleo ya tajiri wake, aliyoyaacha kazini bila mlinzi.

"Ningeyafuata mwenyewe, dakika ishirini tu," anasema, akikamua tambara kwa nguvu.

Mwaka uliofuata alijiunga na kisomo cha watu wazima. Ukurasa wa kwanza alioumaliza bila msaada ulikuwa wa fomu ile ile.

Anamrudia fundi. "Ndugu wa mumeo wapo?"

"Wifi yangu yupo. Tumenuniana tangu mwaka juzi."

"Nipe namba. Kununa mtaendelea ukishapona."

Muuguzi wa zamu anampa simu ya wodi. Wifi anasikiliza, kisha sauti yake inasikika hadi kitanda cha kumi: "Yule ni mama yangu mzazi! Nakwenda sasa hivi. Mwambie avue hicho kiatu!"

Fundi anakivua. Sindano ya asubuhi inamkuta kitandani.

Mama Deki ana ombi moja kwa uongozi: juu ya nafasi ya dole gumba, fomu iongezewe mstari unaouliza, "Nyumbani umemwacha nani?" Ameandika barua kwa mkono wake, na mara mbili imerudishwa. Ya tatu imo mfukoni mwa sare yake.

"Wakiirudisha, nitaandika ya nne," anasema, akiinua ufagio. "Mkono sasa umezoea."