Oktoba Tatu Ambazo Verlene Hakuwapo

Wifi yangu Verlene ni mtu wa kulalamika, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Miaka thelathini na mmoja alipika katika jiko la shule ya msingi huko kwetu Gastonia, akilisha watoto wa watu mchana na kumlisha kaka yangu Hoyt jioni, na muda wote huo lalamiko lake kubwa lilikuwa moja: Hoyt hajawahi kumpeleka milimani kuangalia majani ya miti yakigeuka mekundu kabla ya kupukutika. Kila Oktoba majirani hupakia magari, huenda wikendi, hurudi na chupa za siagi ya tufaha, ile jamu nzito ya kahawia, na picha mia mbili za miti myekundu. Verlene husimama barazani akiwapungia mkono, halafu ananigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyemlea Hoyt.

"Kaka yako yule, Nadine! Angelioa kochi lake, wangependana sana."

Hoyt alikuwa dereva wa lori la mikate. Alifariki mwezi wa Machi kwa moyo, asubuhi, viatu vikiwa tayari miguuni. Hakuwa msemaji. Nikimtetea kwa Verlene nilikuwa natetea mtu ambaye mwenyewe hakujitetea, na kazi hiyo inachosha.

Mwezi wa Septemba Verlene akaanza kunitia wasiwasi. Mara funguo za gari ziko ndani ya jokofu. Mara jina la mchungaji limempotea katikati ya sentensi, na huyo mchungaji tunaye mwaka wa kumi na mbili. Mama yake alianza hivyo hivyo, akaishia kumwuliza Verlene, "Wewe binti wa nani?" Verlene hakuniambia anaogopa. Alisema tu, "Wifi, mwaka huu tunakwenda milimani, kabla sijasahau kwamba nilitaka kwenda." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Namba ya simu ya mahali pa kulala tuliipata kwenye droo ya Hoyt, kwenye kadi yenye picha ya nyumba ya magogo karibu na mji wa Blowing Rock, huko milimani. Tulidhani alipewa na mteja wake mmoja wa mikate. Tulifika Ijumaa mchana, tukiwa tumesimama njiani mara mbili kununua karanga za kuchemsha, na ukweli usemwe, ile milima ilikuwa inawaka. Verlene alishuka garini, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema, "Kumbe ndiyo haya." Hakuongeza neno, na kwa Verlene hilo ni jambo la kushangaza.

Katika nyumba hizi za kukodi huwa kuna daftari la wageni mezani. Kila anayelala humo huandika mawili matatu kabla ya kuondoka, na anayefuata huyasoma akila. Basi tukakaa na sahani zetu, Verlene akisoma kwa sauti, mimi nikitia chumvi. Mgeni wa Charlotte kaandika dubu amekula takataka zake zote na akaacha brokoli. Maharusi wawili wa Ohio waliokuja fungate wameandika kurasa tatu za mapenzi. "Hawa majani hawakuyaona kabisa," nikasema, na tukacheka hadi Verlene akashika mbavu.

Halafu akanisukumia daftari.

"Nadine. Soma hapa."

Ilikuwa Oktoba ya miaka tisa iliyopita. *Majani yamefika kilele. Verlene amependa baraza, hataki kuondoka. Hoyt na Verlene, Gastonia.*

Mwandiko ulikuwa wa Hoyt. Kaka yangu aliandika herufi H kama ngazi iliyokosa vidato, tangu darasa la kwanza, na kwa ajili hiyo alichapwa. Hata hivyo nikasema, "Si yeye."

"Ni yeye."

"Akina Hoyt ni wengi."

"Wenye mke Verlene? Gastonia? Unawajua wangapi?"

Nikafunua kurasa kwa hasira, nikitafuta la kumtetea, nikapata la kumwangamiza. Mwaka uliofuata: *Mvua siku zote mbili. Verlene hajali.* Na mwaka wa tatu: *Verlene anasema yule dubu ana kitambi kikubwa kuliko changu. Tutarudi.*

Verlene aliweka uma chini. "Wifi, mimi nilikuja hapa?"

"Hukuja."

"Una hakika? Usinifurahishe. Mama naye tulikuwa tunamfurahisha." Alisimama, akazunguka chumba, akagusa mahali pa kuotea moto, akafungua kabati na kulifunga. "Sikumbuki kitu hata kimoja. Kama nilikuja, akili yangu imekwisha kwenda, na imekwenda siku nyingi. Kama sikuja, basi kuna mwanamke alilala hapa kwa jina langu."

"Sasa wewe unataka lipi?"

"Swali gani hilo? Sijui! Nitajuaje?"

Mimi pia sikujua. Kumtakia wifi yangu maradhi ya mama yake ili kaka yangu asiwe mzinzi, ni moyo gani huo? Lakini naungama, kwa dakika kadhaa nilikuwa nao.

Verlene ndiye aliyepata njia. Alichukua daftari tena, akaangalia tarehe, akapiga meza kwa kiganja. "Wikendi ya pili ya Oktoba! Mara zote tatu! Wikendi ya pili mimi niko wapi?"

Nilijua bila kufikiri. Wikendi ya pili ya Oktoba wanawake wa kanisa letu hupika mchuzi mzito wa kuku, mahindi na maharage, nje, katika sufuria za chuma ambazo mtoto anaweza kuogelea ndani yake, na huuza kwa mji mzima. Verlene alikuwa bibi wa sufuria kubwa kwa miaka ishirini na miwili. Hakukosa hata mwaka ule alipovunjika kidole. Mwiko ameuachia wengine mwaka huu tu, kwa sababu ya mabega.

"Nilikuwa kwenye sufuria," alisema. "Na wewe ulikuwa pembeni yangu ukimenya viazi ovyo ovyo. Sikuja, Nadine! Akili yangu nzima!" Uso ukamng'aa. Kisha nikaona furaha ikimtoka pole pole, kwa maana lililobaki lilikuwa lile lingine.

Asubuhi mwenye nyumba, Bi. Ardith, alituletea kuni. Ni mama wa milimani hasa, mkavu, hana subira na watu wa mjini. "Mmeshayaona majani? Yanakufa tu hayo, nanyi mnalipa kuja kuyazika."

 Verlene alimwekea daftari mbele ya pua. "Huyu mwanamume. Alikuja na nani?"

Bi. Ardith alivaa miwani. "Hoyt wa mikate? Hajambo huyo?"

"Amefariki. Alikuja na nani?"

"Pole mama. Alikuja na nani? Peke yake."

"Ameandika wawili."

"Hata kwangu aliandikisha wawili. Mwaka wa kwanza nikamwuliza, bibi yuko wapi? Akasema yuko njiani. Jumapili nikamwuliza tena, akasema bibi amebanwa na sufuria. Nikajua huyu ameachwa, anaona haya. Mwaka wa tatu sikuuliza." Alimwangalia Verlene juu mpaka chini. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Mtu mwema yule. Aliniwekea ngazi mpya za nyuma, bure."

Alipoondoka nikakaa karibu na Verlene barazani, nikiwa nimejaa ushindi wa kijinga. "Si umeona? Si mwanamke, wala si akili. Alituambia yuko kwenye kazi ya ziada, kumbe amekaa hapa kama kuku anayeatamia mayai. Lakini kwa nini asikuombe mje wote? Mdomo alikuwa nao!"

Verlene alikuwa akiangalia bonde.

"Aliniomba," alisema.

"Lini?"

"Mara zote tatu. Nikamwambia, na mchuzi je? Akasema sawa. Nikamwambia chagua wikendi nyingine, akasema majani hayangoji kanisa, lakini sawa. Ile mara ya mwisho akasema, Nadine atakukorogea. Nikamwambia Nadine ataunguza."

Ningeunguza kweli. Sikuona faida ya kulisema.

"Alikuwa amesimama mlangoni," Verlene akaendelea, "amevaa shati lake la kijani, kifungo cha juu kimekatika. Mkoba uko chini. Niliuona mkoba. Nikadhani ni nguo za kazi. Nikamwambia asogee, anazuia mwanga, nina kuku arobaini wa kunyonyoa. Miaka yote nimewaambia watu hakunipeleka."

"Wifi..."

"Nakumbuka vizuri, Nadine. Nakumbuka kila kitu." Na hapo ndipo alipoanza kulia.