Niliiacha Simu Iitikie kwa Kichwa Badala Yangu

Nilifanya, na nilifanya nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna aliyenidanganya wala shetani hakunisukuma. Naandika bila jina kwa sababu wateja wangu wa vitenge hapa Tunduma wanasoma sana mambo haya. Wakijua ni mimi hawatanunua kitu, watakuja dukani kucheka tu.

Mimi ni katibu wa kwaya. Nilikuwa, tuseme. Wenzangu wametawanyika kwa ndoa na kazi, wengine wako Vwawa, wengine Itumba kule Ileje, lakini tulikataa kuachana. Mazoezi tunakutania Vwawa. Vikao tunafanya kwa video kwenye simu, kila mtu akiwa kwake, nyuso zetu zimejipanga kwenye kioo kama picha za ukutani.

Na vikao vilikuwa virefu jamani! Rangi ya sare peke yake tuliijadili mpaka kitambaa kikaisha madukani. Mwalimu wetu wa kwaya ni mtu mwema, ila hajui kufunga kikao. Akisema "la mwisho", ujue ndiyo kwanza anaanza. Na ukizima kamera anakuita mbele ya watu, "Katibu, mbona hatukuoni?"

Ndipo nikapata ujanja wangu.

Nilijifunga kitambaa kichwani, nikakaa mbele ya ukuta wa duka, nikajirekodi kwa simu yangu ya zamani. Natazama mbele, natabasamu, naitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza neno zito. Video nikaiweka ijirudie yenyewe. Kikao kilipofika, nikaisimamisha simu ya zamani mbele ya kamera ya simu mpya, zikatazamana. Nikazima sauti, nikafunga mlango. Kikaoni nipo, tena nasikiliza kuliko wote. Mimi mwenyewe nimevuka mpaka, niko Nakonde nasukwa nywele.

Mara ya kwanza nilirudi naogopa. Hakuna aliyegundua. Mwalimu akanisifia kwamba siku hizi nimetulia, sikatizi watu. Basi nikazoea. Msusi wangu, mama wa Kizambia ambaye kwa heshima huniita bamayo, yaani mama, aliwahi kuniuliza kama leo sina kazi. Nikamwambia muda huu huu niko kazini, nikamsimulia. Tulicheka hadi akakosea mstari, akafumua, akaanza upya.

Sasa nifike penye uchungu.

Kuna mwenzetu nitamwita Tusekile. Anaishi Itumba, analima kahawa na mume wake. Tangu tukiwa wasichana tumesimama bega kwa bega kwenye sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa. Alifanyiwa upasuaji wa goita, akapona vizuri, ila sauti yake ikarudi nzito. Mazoezini akawa anafungua mdomo tu bila kutoa kitu. Sote tuliona, sote tukajifanya hatujaona. Na wakati huo tulikuwa tunajiandaa kurekodi nyimbo zetu kwa video tuziweke mtandaoni. Ilikuwa mara yetu ya kwanza, kila mtu alikuwa na hamu.

Siku moja nimerudi kutoka Nakonde, ngozi ya kichwa inawaka kwa nywele mpya, nikakuta kikao kimekwisha. Kwenye kundi letu la ujumbe pameandikwa kwamba Tusekile ameondoka. Nikadhani amebonyeza vibaya. Nikampigia, hakupokea. Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikaona ameusikiliza, kimya. Mtu ambaye huwa ananitumia hata picha ya ugali wake!

Kesho yake Mwalimu akaja dukani. Nikampa kiti, akakataa kukaa. Akasema amenijua miaka mingi na hakujua nina moyo wa namna ile. Nikamuuliza moyo wa namna gani.

"Tusekile alituomba ukweli," akasema. "Aliuliza kama tunataka arudi nyuma, turekodi bila yeye. Watu wote tulinyamaza. Wewe peke yako ukaitikia kwa kichwa. Tena unatabasamu."



Akaendelea kunieleza kwamba Tusekile alisubiri kidogo, akaniangalia, mimi nikaitikia tena, na tena. Akanishukuru kwa kuwa mkweli, akaaga watu wote, akatoka.

Na hapo, badala ya kusema, nikaongeza uongo juu ya uongo. Nikamwambia Mwalimu mtandao ulikuwa unakwama. Akanitazama, akasema picha yangu ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, akaenda zake.

Siku ile sikuuza kitu. Mteja anauliza bei, mimi nampimia kitambaa ambacho hajakichagua. Nilijua nina njia mbili. Nikinyamaza, nitabaki mtu mkatili lakini katibu. Nikisema, nitakuwa tapeli aliyewaachia wenzake sanamu. Lakini nilipofikiria kwamba Tusekile yuko kule kwenye milima anaamini mimi ndiye niliyemfukuza, nikafunga duka, nikaenda hadi njia panda ya Mpemba kupanda gari la Itumba.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Alinipokea kwa adabu mpaka nikatamani angenizaba kibao. Akaniita Katibu, yeye ambaye maisha yote ananiita dada. Mume wake akaniletea kiti, nikamwambia, "Shemeji, usiondoke, na wewe usikie." Kisha nikatoa simu ya zamani, nikaiwasha ile video, nikaiweka juu ya ungo wa maharage mbele ya Tusekile. Nikaeleza kila kitu, hadi Nakonde, hadi nywele.

 Tusekile akaitazama video. Halafu akaiinamia simu, akaiuliza, "Dada, hujambo?"

Video ikaitikia kwa kichwa.

"Ungependa kuja kunilimia shamba?"

Ikaitikia, inatabasamu.

"Kwa hiyo wewe ni mwongo?"

Ikaitikia tena. Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, akalazimika kushika nguzo ya baraza. Tusekile akafuata, kile kicheko chake kipya kizito, na mimi nikawa nacheka huku machozi yananitoka. Waliiuliza ile simu kila aina ya upuuzi. Walinichumbia kwa niaba ya jirani yao mzee asiyekuwa na meno, nikakubali.

Tulipochoka kucheka, Tusekile akaigeuza simu kifudifudi, akanitazama mimi.

"Sasa wewe uliye hai nijibu. Sauti yangu bado inafaa?"

Kumjibu lilikuwa jambo gumu kuliko safari yote. Nikamwomba aimbe. Akakataa, akaona haya, mwisho akaimba ubeti mmoja wa wimbo wetu wa mavuno. Juu hakufika, sauti ikakatika. Nikamwambia sauti ya kwanza hawezi tena. Akainamisha kichwa. Nikamwomba aurudie, aanzie chini, pale wanapoanzia wanaume wa sauti ya tatu. Akaanza. Jamani! Sauti ikatoka imejaa, imetulia, hata shemeji akaacha kucheka.

"Hapo," nikasema. "Simama hapo."

Akaniambia tangu atoke hospitali ni mimi wa kwanza kumwambia ukweli, na kwamba inamuuma, ila anashukuru.

Kikao kilichofuata nilikiri mbele ya kwaya nzima. Ukatibu wakaninyang'anya, ni haki yao. Sare zote za kurekodia nikapewa kuzifua na kupiga pasi, ni haki yao pia. Na mpaka leo, kabla kikao hakijaanza, Mwalimu ananiamuru nishike sikio langu la kushoto, kisha la kulia, ahakikishe ni mimi. Watu wanacheka, nami nacheka. Ameanza hata kufupisha vikao, kidogo.

Video yetu iko mtandaoni. Tusekile amesimama katikati ya wanaume, anang'aa. Mume wangu alipousikia wimbo kutoka chumba cha pili aliniuliza yule baba mwenye sauti nzuri tumempata wapi. Nilimtumia Tusekile maneno hayo, akanijibu kwa sauti yake nzito, "Mwambie shemeji, baba anamsalimia."

Wewe unayesoma, kikao kikikuchosha sema kimekuchosha. Aga, watanung'unika, yataisha. Ila usiiache sura yako mahali ambapo wewe hupo. Hujui nani atakuja kuiuliza swali.