Mapigo ya Kitanda cha Nne

Mimi maiti hainitishi. Nimefanya uuguzi miaka ishirini na mbili, nimefumba macho ya watu wengi kuliko ninaoweza kuwakumbuka, kisha nikaenda zangu kunywa chai. Kwa hiyo mtu asinijie hapa na maneno ya "labda ulikuwa umechoka". Sikuwa nimechoka. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka madirishani, na niliona moyo wa marehemu unapiga.

Marehemu mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu wa kitanda cha nne. Alifariki asubuhi ile ile. Nilimchomoa nyaya kwa mikono yangu, nikamsafisha, nikamfunika, wakaja wa chumba cha maiti wakamchukua. Baadaye nikakaa kwenye meza yetu ya wauguzi, mbele ya ile skrini kubwa inayoonyesha wagonjwa wote kumi na wawili, kila mmoja na kijisanduku chake. Kijisanduku cha nne kilitakiwa kuwa na kistari kitupu. Kilikuwa na sabini na mbili. Na mstari wa kijani unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na kila pigo la tano unajikwaa kidogo, vile vile moyo wa yule mzee ulivyokuwa ukijikwaa tangu siku aliyolazwa.

Nikaenda mpaka kitandani. Shuka limekunjwa, nyaya zinaning'inia kwenye ndoano yake, hakuna mtu. Nikarudi mezani, namba bado ipo. Ilikaa kama dakika mbili, kisha ikafutika. Mama wa usafi aliyekuwa akipiga deki nyuma yangu alikuwa ameona kila kitu. Aliacha ndoo pale pale.

"Sista," akaninong'oneza, "huyu mzee hajajua kwamba amekufa."

Muuguzi mkuu alipoambiwa alituambia tuache kutia chumvi. Wiki iliyofuata ikatokea kitanda cha tisa, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana yule mama wa kitanda cha tisa hakuwa amekufa. Alikuwa ameruhusiwa, ameondoka na mabegi yake na wanawe, anacheka. Na bado moyo wake ulibaki kwetu unapiga juu ya godoro tupu. Wenzangu wakaanza kupita mbali na skrini ile, wakiitazama kwa pembe ya jicho.

Sasa nimlete mdogo wangu, maana habari hii ni yake.

Nyumbani tunamwita Taratibu. Alipokuwa na miaka sita alikuwa mtoto wa mbio, mlango kwake ni kitu cha kupiga teke. Siku moja aliingia jikoni kwa kasi wakati Mama anageuka na sufuria la maji ya moto. Wakakutana mlangoni. Mama aliinua mkono ili maji yasimmwagikie mtoto, yakammwagikia yeye, kuanzia kiwiko hadi kiganja. Kovu lile hakulificha kamwe, lakini mdogo wangu tangu siku hiyo haingii popote bila kupiga hodi. Na nikisema popote, namaanisha popote. Chumba chake mwenyewe anakipigia hodi. Stoo anaipigia hodi. Tulimcheka mpaka tukachoka. Mama peke yake hakumcheka. Kila akisikia "Hodi", alimjibu vile vile, miaka yote: "Karibu, mwanangu. Taratibu." Jina likatokea hapo.

Akakua hivyo hivyo, mtu mzito wa maneno, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, hajaoa, anakaa na Mama. Kazi yake sikuwahi kuielewa. Nilijua anashughulika na kompyuta, na nilijua kampuni yake ndiyo iliyotengeneza mfumo wa skrini zetu, lakini ukimuuliza anafanya nini hasa, atakwambia, "Natunza kiini, dada. Upande wa kumbukumbu." Mimi namwambia, nitunzie basi na miwani yangu, kila siku inapotea.

Kisha moyo wa Mama ukaanza kumsumbua. Akaletwa wodini kwetu, na kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu. Mnakijua.

Nilipiga kelele, nikaomba, nikatishia kuacha kazi. Vitanda vingine vimejaa, nani ahamishwe? Nikamvuta mdogo wangu kwenye ujia, nikamweleza yote: mwalimu, sabini na mbili, pigo la tano, yule mama wa kitanda cha tisa. Nilidhani atacheka. Uso ukampauka.

"Maana yake," nikamwambia, "moyo wa Mama unaweza kusimama, na sisi pale mezani tukaona moyo wa mtu mwingine unapiga vizuri tu. King'ora hakitalia. Hakuna atakayeinuka."

"Nimeelewa, dada," akasema. "Ile mara ya kwanza, dakika ile ile, kuna kitanda kingine mlikuwa mnakiunganisha au kukichomoa nyaya?" Sikukumbuka.

Alijifungia kwenye chumba cha vifaa mwisho wa wodi, na mashine mbili za akiba na kompyuta yake. Chakula nilimpelekea mimi, na ndipo aliponieleza kwa lugha ya binadamu. Ndani ya kompyuta kuna kitu kama nyumba ya wageni. Kila habari hupewa chumba, na kiini, yaani ile programu ya ndani kabisa anayoitunza yeye, ndicho kinachogawa vyumba. Tatizo, mapokezi kuna wahudumu wengi wanaofanya kazi kwa pamoja, na kila mmoja ana orodha yake kichwani ili asipoteze muda kufungua daftari. Mgonjwa akitolewa, chumba chake kinahesabiwa kuwa kitupu. Lakini kitupu hakimaanishi kimefagiliwa. Vitu vyake bado vimo ndani. Na kama mhudumu wa pili hajaambiwa mabadiliko, atampeleka anayeuliza kwenye chumba kile cha zamani.

"Kwa hiyo nilichoona ni nini?"

"Sekunde nane za yule mwalimu. Za siku fulani alipokuwa mzima. Pengine alikuwa anasoma gazeti. Zinajirudia."

Sijui kwa nini alidhani hilo lingenituliza. Usiku huo nyumbani niliwaza mzee wa watu amefungiwa ndani ya sekunde nane, anafungua gazeti, anafungua gazeti.

Lakini kujua ni jambo moja na kumkamata huyo mzuka ni jingine. Aliziwekea mashine zile programu ya kujifanya wagonjwa wanaingia na kutoka, maelfu kwa saa. Mwanzoni mzuka hakutokea hata mara moja. Ili aone kinachopita ndani, aliongeza kwenye programu mistari ya kuandika kila hatua, na kila alipoiongeza, mzuka alitoweka kabisa. Akiiondoa, anaona namba inacheza kwenye kona, mara moja, imekwenda.

"Ukimtazama hatoki," nikasema. "Na wewe bado unaniambia si jini."

"Ni muda tu, dada. Nikimfanya mhudumu mmoja aandike, anachelewa kidogo, hawakutani tena mlangoni."

"Mama yuko pale! Siku ya nne leo, na wewe unaniambia mambo ya mlangoni!"

Aligeukia kompyuta yake, nikabamiza mlango nikaondoka. Nilijuta kabla sijafika mezani.

Kesho yake, saa kumi jioni, nilikaa kuandika mafaili. Moyo wa Mama siku nzima ulikuwa unakimbia, tisini na sita, mia na nne, mia na kumi. Nikainua macho kwenye kijisanduku cha nne. Sabini na mbili.

Na hili nitalisema kama lilivyo, maana linaniuma mpaka leo. Nilifurahi. Nilisema moyoni, alhamdulillahi, amepata nafuu, nikarudi kwenye faili langu. Nikaandika mstari mzima. Nilipoinua macho tena, mstari wa kijani ukapanda, mara moja, mara mbili, tatu, nne, halafu ukajikwaa.

Kiti kilianguka nyuma yangu. Nilimkuta Mama midomo imekuwa ya bluu, macho nusu, mkono umening'inia nje ya kitanda. Nikapanda kitandani na magoti yangu, nikambana kifua, nikahesabu kwa sauti, nikipiga kelele za kumwita daktari. Walikuja, wakampiga umeme mara mbili. Mara ya pili akarudi. Alikohoa, akafungua macho, akaniuliza kwa nini nimempandia na viatu.

Nje ya pazia nilisikia "Hodi". Sauti ya mdogo wangu haikuwa ile ya kawaida, ilikuwa kama ya yule mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyemjibu, wote tulikuwa na kazi mikononi, na yeye hakuingia. Alisimama pale mpaka Mama mwenyewe akasema, kwa pumzi iliyokatika, "Karibu, mwanangu. Taratibu."

Hapo ndipo alipobadilisha njia. Aliniuliza dakika kamili, nikamwambia: mwenzangu alikuwa anamchomoa nyaya mgonjwa wa kitanda cha tisa, wakati ule ule ambapo wa kitanda cha saba alikuwa akiunganishwa. Akaacha kutazama. Badala yake alichukua sehemu moja, pale kati ya kuhesabu chumba kuwa kitupu na kuwaambia wahudumu wengine, akailazimisha ichelewe makusudi. Nilikuwepo. Skrini ndogo ya akiba, isiyounganishwa na mtu yeyote duniani, ikaonyesha moyo. Akabonyeza, ukaja tena. Akabonyeza, ukaja. Nilirudi nyuma hatua moja, lakini yeye alikuwa anasoma, midomo inacheza. Kisha akafungua kumbukumbu za mabadiliko ya kazi yao, nikaona anainamisha kichwa juu ya meza.

"Nini?"

"Ni mimi," akasema. "Miaka minne iliyopita niliweka hapa mstari mmoja wa kuandika hatua, wa majaribio tu. Nikausahau. Mwezi uliopita nilikuwa nasafisha, nikauona hauna kazi, nikaufuta. Kumbe ndio uliokuwa unawachelewesha wasikutane. Nilikuwa nafagia tu, dada."

Mkubwa wake alipiga simu, na sauti yake niliisikia mpaka nilipokaa: rudisha huo mstari, tumalize, hospitali zinalalamika. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mstari ule haukuzuia kitu," akasema. "Ulichelewesha tu. Siku mashine zikiwa na kasi zaidi watakutana tena, na siku hiyo kitandani atakuwa mama wa mtu. Nipe siku sita." Akakata simu. Mtu huyu hajawahi kumkatia simu hata anayekosea namba.

Siku hizo sita nilibandika karatasi juu ya kijisanduku cha nne. Tulikaa kwa zamu kando ya Mama, tukimhesabia mapigo kwa mkono na saa ya ukutani, kidole changu juu ya lile kovu. "Mnanichunga kama maziwa jikoni," akalalamika. Na Taratibu akatengeneza kwa namna ambayo mimi ningeweza kuitabiri tangu mwanzo: akaifundisha mashine kupiga hodi. Chumba hakitolewi kwa mgeni mwingine mpaka kila mhudumu ameulizwa, na kila mmoja amejibu kwamba orodha ya zamani ameifuta. Asiyejibu anasubiriwa. Kisha akaziacha mashine zikimbizane siku mbili usiku na mchana, mamilioni ya wagonjwa wa uongo. Hakutoka mzuka hata mmoja.

Akaja kitandani, akapiga hodi, akabandua ile karatasi mwenyewe. "Mama," akasema, "namba yako sasa ni yako."

Mama aliishi wiki saba baada ya hapo, kitandani pale pale. Alifariki siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kidole changu kikiwa mkononi mwake, na king'ora kililia sekunde ile ile niliyohisi kimya chini ya ngozi. Tulifanya yote yanayofanywa. Daktari akatikisa kichwa. Nikamchomoa nyaya, nikamsafisha, nikamfunika, nikavuta pazia.

Kisha nikaenda kukaa mezani, mbele ya kijisanduku cha nne, na nikasubiri. Sioni aibu kusema. Nilitaka namba. Tisini na sita, mia na nne, yoyote, sekunde nane tu za Mama akilalamikia viatu vyangu, zijirudie. Mama wa usafi alisimama nyuma yangu na ndoo yake, naye akatazama. Kistari. Nikakaa dakika kumi. Kistari. Na nikamchukia mdogo wangu, jamani, nikamchukia kwa moyo wangu wote, kwamba amefanya kazi yake vizuri namna ile.

Akaja kutoka kazini, vifungo mpaka shingoni. Alinipita bila kuniona, akaenda mpaka kwenye pazia la kitanda cha nne, akasimama.

"Hodi," akasema.

Alijua. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwa simu. Lakini alisimama pale, mkono umeinuliwa karibu na kitambaa, akisubiri, na nikatambua kwamba atasimama hivyo mpaka kesho, maana hajui njia nyingine ya kuingia. Nikainuka. Nikapita ubavuni mwake, nikaingia ndani ya pazia, nikasimama karibu na Mama.

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Taratibu."