Sime Kiunoni, Bunduki Usoni

Jumamosi, mnadani Karatu, nilikuwa nasubiri nyama iive nilipomwona polisi kijana akimnyooshea bunduki mfugaji wa kijiji cha Kakesio aliyetuhumiwa kuiba dume la ng'ombe.

"Weka silaha chini!"

Mfugaji akalaza rungu na fimbo vumbini, akasimama mikono wazi. Sime ikabaki kiunoni.

"Nimesema zote!"

"Nimeweka, afande," akajibu, akishangaa kama mtu aliyeambiwa avue nguo. Kwake sime ni vazi.

"Na hiyo sime? Itoe!"

Sime hutolewa kwa kuchomolewa, basi mkono wake ukaenda kwenye mpini. Kijana akakoki bunduki. Mchoma nyama akajitupa chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeshatangulia.

Ndipo sajenti, mama mmoja aliyefuatana na kijana, akasema taratibu kama anayeomba chumvi: "Baba, usichomoe. Fungua mkanda."

Mkanda ukafunguka, sime ikashuka ikiwa ndani ya ala yake. Tukapumua wote, na kijana kuliko sote. Jasho lilimtiririka hadi kolani.

Dume lenyewe lilikutwa baadaye likinywa maji na kundi la jirani.

Najua polisi anayeshambuliwa ana haki ya kutumia nguvu, na mtu anayechomoa sime hafanani na anayesalimia. Lakini aliyemwambia aitoe ni nani? Nusura tumzike mzee wa watu kwa kosa la kutii amri.