Warembo wa Ukutani kwa Mama

Juzi, saluni pale Igogo, nilifunua jarida nikamwona mwanamitindo amesimama juu ya mawe ya ziwani, gauni la njano likipepea, kidevu juu. Ghafla nikasikia harufu ya pasi ya mkaa ya Mama, kama utotoni.

Mama alikuwa fundi cherehani Mabatini, na ukutani alibandika kurasa za majarida ya mitindo. Mimi nilidhani wale warembo ni shangazi zangu. Alasiri moja niliwaamkia mmoja mmoja, "Shikamoo." Hakuna aliyeitikia marahaba. Nikalia, nikiamini wamenikataa.

Mama akasimamisha cherehani. "Hao hawaamkiwi, mwanangu, wanatazamwa. Ona huyu alivyosimama, hata kitambaa kinamtii."

Yule wa jarida la saluni ni mdogo kuliko binti yangu. Nilimtazama, nikamtazama tena, neno likanitoka lenyewe: "Shikamoo."